Jina la Divai na Mpaka wa Nchi: Habari za Chianti na Mizabibu ya Kusini mwa Italia

Wenyeji wa Toscana wana hadithi ya majogoo wawili. Wasema kwamba zamani miji ya Firenze na Siena iligombania vilima vilivyo kati yake, ikapigana mpaka ikachoka, kisha ikapatana kukata shauri kwa njia hii: siku moja, jogoo atakapowika alfajiri, mpanda farasi mmoja atoke katika kila mji, na pale watakapokutana ndipo patakapokuwa mpaka. Watu wa Siena walichagua jogoo mweupe, wakamlisha akanona. Watu wa Firenze walichagua jogoo mweusi, wakamfungia gizani bila ya chakula. Siku ya miadi yule mweusi aliwika kwa njaa kabla ya kupambazuka, mpanda farasi wa Firenze akaondoka mapema, naye hakukutana na mwenzake mpaka alipofika Fonterutoli, karibu kabisa na Siena. Hivyo karibu Chianti yote ikawa ya Firenze.

Hadithi si historia, wala sitaki msomaji aipokee kuwa ni historia. Lakini jogoo mweusi yupo mpaka leo. Ni alama ya chama cha watengenezaji wa divai ya Chianti Classico, kilichoanzishwa na watu 33 katika mji mdogo wa Radda mwaka 1924. Nimeanza naye kwa sababu habari ya divai katika Italia ya kati na ya kusini, kwa kadiri nilivyoisoma, ni habari ya mipaka kuliko ya kinywaji: nani yumo na nani yuko nje, na ni nani mwenye haki ya kuandika jina la mahali juu ya chupa. Kwa hiyo hata msomaji ambaye dini yake yamkataza divai aweza kunifuata bila ya wasiwasi.

Jina la kwanza lililovuma sana halikutoka Toscana. Lilitoka kusini, katika Campania ya kaskazini, kwenye miteremko ya mlima Massico, ambako Warumi walipata divai yao ya Falernum. Plinio, aliyekufa mwaka 79 Vesuvio ulipolipuka, aliandika kwamba watu walipambanua divai hiyo mara tatu kwa kadiri ya mahali pa mteremko: ya juu iliitwa Caucinum, ya katikati Faustianum, na ya chini Falernum yenyewe. Aliandika pia habari za divai ya mwaka wa Opimius, yaani mwaka 121 kabla ya Kristo, kwamba baada ya karibu miaka 200 ilikuwapo bado, nayo imekuwa nzito mfano wa asali kali. Twaona basi kwamba wazo la kuifunga divai na kipande cha ardhi na mwaka wake si jambo la jana, na kwamba watu wa kusini walilijua mapema. Jambo hili nalitaka likumbukwe, maana mbele tutawakuta watu hao hao wakiuza divai isiyo na jina lolote.

Tuje sasa Toscana. Tarehe 24 Septemba 1716 Cosimo III de' Medici, Mtawala Mkuu wa nchi hiyo, alitangaza mipaka ya sehemu nne: Chianti, Pomino, Carmignano na Val d'Arno di Sopra. Divai za sehemu hizo zilikuwa zikisafirishwa ng'ambo, hata Uingereza, na serikali iliogopa kwamba wadanganyifu wataliharibu jina lake ugenini. Katika tangazo lile Chianti ni nchi ndogo: yapita Greve na Panzano, yashika Radda, Gaiole na Castellina, kisha yakomea mpaka wa Siena. Tangazo hilo hutajwa mara kwa mara kuwa miongoni mwa sheria za kwanza duniani za namna yake. Lilihusu ardhi, kazi ya kuamua ni zabibu zipi ziingie katika pipa waliachiwa watu wa baadaye.

Aliyeichukua kazi hiyo alikuwa Bettino Ricasoli, bwana wa ngome ya Brolio katika Gaiole, ambaye mara mbili alikuwa waziri mkuu wa Italia, kwanza mwaka 1861 na tena mwaka 1866. Alifanya majaribio kwa miaka mingi katika mashamba yake, na mwaka 1872 alimwandikia barua Cesare Studiati, profesa wa Pisa, kumweleza aliyoyaona. Sangiovese, alisema, ndiyo iipayo divai harufu yake na nguvu yake. Canaiolo huleta ulaini unaopunguza ukali wa ile ya kwanza. Malvasia, nayo ni zabibu nyeupe, huipunguza divai uzito na kuifanya ifae kwa meza ya kila siku. Lakini kwa divai inayokusudiwa kuwekwa miaka, afadhali isitumike sana.

Msomaji na atulie kidogo juu ya maneno hayo ya mwisho. Ricasoli alitofautisha divai mbili: ya kunywewa upesi na ya kuhifadhiwa. Ile nyeupe aliikubali katika ya kwanza na kuionea shaka katika ya pili. Trebbiano, zabibu nyeupe izaayo kwa wingi bila ya kuwa na ladha kubwa, haikuwamo katika maelezo yake. Barua hii iligeuzwa baadaye ikawa kama maandiko matakatifu, na kama yalivyopatwa maandiko mengi, walioishika kwa nguvu zaidi waliisoma nusu.

Kabla ya kuona jinsi hayo yalivyotokea, yatupasa kushuka kusini, kwani wakati Ricasoli akiandika barua yake msiba mkubwa ulikuwa umekwisha kuingia Ufaransa. Kidudu kiitwacho filoksera, kilacho mizizi ya mzabibu, kilianza kuteketeza mashamba ya Wafaransa katika miaka ya 1860. Wafaransa wakahitaji divai ya kujazia mapipa yao. Katika Puglia jua ni kali, zabibu hujaa sukari, na divai yake huwa nyeusi na yenye kileo kingi. Yafaa sana kuchanganywa na divai nyepesi za nchi za baridi. Wenye ardhi wa Puglia walipanda mizabibu kwa haraka, mahali pengine pakiwa zamani malisho ama mashamba ya ngano. Kisha Italia na Ufaransa zikagombana juu ya ushuru. Mkataba wao wa biashara ulipokwisha, tangu mwaka 1888 kila moja ilimtoza mwenziwe ushuru mzito, na soko la Ufaransa likawafungia mlango watu waliokopa fedha kwa kulitegemea. Baadaye kidudu chenyewe kikafika mpaka kwao, ikawabidi kung'oa na kupanda upya, safari hii mizabibu ikiungwa juu ya mashina ya Kimarekani yanayokistahimili.

Waliobaki waliuza kaskazini. Divai ya Puglia na ya Sicilia ilisafiri kwa meli na kwa gari la moshi kwenda kutia rangi na nguvu katika divai za watu wengine, na ilipofika huko jina lake lilikoma. Kwa Kiitaliano huitwa divai ya kukatia, yaani ya kuchanganyia. Msomaji aliyefika Dodoma akawaona wakulima wakiuza mchuzi wa zabibu kwa wenye viwanda ataelewa upesi hali hiyo: jasho ni la mmoja, na chupa yaandikwa na mwingine.

Basi turudi kwenye sheria. Mwaka 1932 tume ya serikali iliyoongozwa na Giovanni Dalmasso iliukubali upanuzi mkubwa wa jina la Chianti. Nchi ile ndogo ya mwaka 1716 ikakuzwa ikaitwa Chianti Classico, na pembeni yake zikaongezwa sehemu sita nyingine, kutoka vilima vya Pisa mpaka vya Arezzo, zote zikipewa ruhusa ya kutumia jina hilo. Sioni kwamba ni haki kuwalaumu waliolitaka. Walikuwa wakiuza divai yao kwa jina hilo tangu zamani. Lakini tangu hapo neno Chianti likawa na maana mbili, na mgogoro huo haujaisha.

Kisha ikaja amri ya tarehe 12 Julai 1963, namba 930, ambayo Seneta Paolo Desana aliipigania sana. Ndiyo iliyoleta DOC, yaani jina la asili lililodhibitiwa, na juu yake DOCG, jina lililodhibitiwa na kudhaminiwa. Kwa kila divai hutungwa hati ya masharti: mipaka ya eneo, aina za zabibu na kadiri ya kila moja, mavuno yasiyopaswa kuzidi kwa hekta, kiasi cha kileo, na muda wa kuhifadhi. Miongoni mwa za kwanza kupata DOC, mwaka 1966, zilikuwamo Vernaccia ya San Gimignano na Frascati ya karibu na Roma. Hati hizi zilisaidia hata kupambanua majina yanayopotosha: Montepulciano ni mji wa Toscana ambao divai yake iitwayo Vino Nobile hutokana hasa na Sangiovese, na Montepulciano ni pia zabibu ya Abruzzo, isiyohusiana na mji huo.

Chianti ilipata DOC yake mwaka 1967, na hapa ndipo barua ya Ricasoli ilipofanywa sheria. Sangiovese iwe asilimia 50 hadi 80. Canaiolo nyeusi 10 hadi 30. Na zabibu nyeupe, Trebbiano na Malvasia, 10 hadi 30. Angalia: nyeupe haikuruhusiwa tu, iliamriwa. Tena hata mchuzi kutoka nje ya eneo uliruhusiwa kwa kiasi fulani kurekebishia divai, nao mara nyingi ulitoka kusini. Kwa nini? Nadhani sababu ni mashamba yenyewe kuliko ladha. Kwa karne nyingi vilima vile vililimwa kwa desturi ya nusu kwa nusu, mkulima akigawana mavuno na mwenye ardhi, na mizabibu myeusi na myeupe ilipandwa pamoja na mizeituni na ngano. Sheria ya mwaka 1964 ilipokataza mikataba mipya ya namna hiyo, wakulima walikuwa wamekwisha kuanza kuhamia mijini, lakini mizabibu myeupe ilikuwapo shambani. Walioandika hati walihalalisha kile walichokikuta.

Waliokataa walianza kutokea upesi. Jamaa ya Antinori walitengeneza Tignanello, ambayo kuanzia mavuno ya mwaka 1971 ilitoka bila ya jina la Chianti, na tangu mwaka 1975 haikuwa na zabibu nyeupe hata kidogo. Wao waliongeza zabibu za Kifaransa, na mtu aweza kusema kwamba walistahili kutoka. Lakini mfano wa Sergio Manetti hauna jibu jepesi. Huyu alikuwa mwenye kiwanda kutoka Poggibonsi, aliyenunua shamba la Montevertine katika Radda mwaka 1967. Mwaka 1977 alivuna Sangiovese tupu, ambayo Ricasoli aliisifu kuliko zote, katika Radda, ambayo Cosimo aliiweka ndani ya mpaka, akaiita divai yake Le Pergole Torte. Kwa sheria ya siku zile haikuweza kuitwa Chianti. Aliiuza kama divai ya mezani, daraja ya chini kabisa, ile ile iliyowekewa divai za kusini zisizo na jina. Mwaka 1981 akajitoa katika chama. Wanunuzi walilipa zaidi kwa divai hiyo ya daraja ya chini kuliko kwa nyingi zenye muhuri wa serikali.

Sheria ilirudi nyuma hatua kwa hatua. Mwaka 1984 Chianti ilipewa DOCG na kadiri ya nyeupe ikapunguzwa sana. Sheria namba 164 ya mwaka 1992 ilileta daraja mpya, IGT, kwa divai zilizokuwa zimeikimbia hati. Mwaka 1996 Chianti Classico ikapata hati yake peke yake, na Sangiovese tupu ikakubaliwa. Mwaka 2006 zabibu nyeupe, zilizokuwa lazima, zikakatazwa humo kabisa.

Huko kusini mwendo ulikuwa wa pole na wenye hasara. Katika Irpinia, Antonio Mastroberardino aliendelea baada ya vita kupanda Aglianico, Fiano na Greco wakati majirani wakipanda aina za mavuno mengi. Divai ya Taurasi, itokanayo na Aglianico, ilipata DOCG mwaka 1993, ya kwanza katika kusini ya bara. Lakini Puglia, tangu mwaka 1988, Jumuiya ya Ulaya iliwalipa wakulima fedha wang'oe mizabibu yao ili kupunguza divai iliyozidi sokoni. Mashamba mengi yaliyong'olewa yalikuwa ya mizabibu mizee, iliyokatwa mfano wa kijiti bila ya nguzo, ambayo huzaa kidogo na kwa hiyo hulipa kidogo. Kwa maoni yangu hilo lilikuwa kosa kubwa kuliko lile la Trebbiano, maana hati yaweza kusahihishwa kwa kalamu, na mzabibu wa miaka 60 hauwezi. Baadhi ya mizabibu hiyo ilikuwa Primitivo. Miaka michache tu baadaye Carole Meredith wa California alionyesha kwa uchunguzi wa DNA kwamba Primitivo ni zabibu ile ile ambayo Wamarekani huiita Zinfandel na kujivunia nayo. Mwaka 2001 asili yake ikaonekana katika pwani ya Kroatia.

Mwaka 2021 chama cha jogoo mweusi kiliamua kuigawa Chianti Classico katika sehemu 11, kila moja na jina lake la kuandikwa juu ya chupa zilizo bora. Miongoni mwa majina hayo yamo Greve, Panzano, Radda, Gaiole na Castellina, yale yale ya tangazo la Cosimo. Le Pergole Torte, ambayo tangu mwaka 1996 ingeweza kurudi chini ya jina la Chianti Classico, haikurudi. Chupa zake zimeandikwa Toscana tu, na shamba lake liko Radda pale pale.