Habari za Uhamaji na Maradhi Katika Mwambao wa Uvira

Mji wa Uvira umebanwa kati ya milima ya Mitumba na maji ya Ziwa Tanganyika. Kaskazini mwake mto Ruzizi unashuka kutoka Ziwa Kivu, unakata bonde pana na kuingia ziwani, na ng'ambo ya maji usiku zinaonekana taa za Bujumbura. Anayetoka Bukavu kwenda Fizi hupita hapa, na anayekimbia Burundi au anayekimbilia huko hupita hapa. Maradhi hayana njia nyingine. Kwa hiyo katika mwambao huu habari ya watu waliofika na habari ya ugonjwa uliozuka zimekuwa habari moja tangu zamani, na aliyeibeba moja aliibeba na ya pili. Kilichobadilika ni mbebaji. Kwa zaidi ya miaka mia moja wenyeji waliulizwa, wageni wakaandika, na kilichoandikwa kikasomwa mbali. Mwanahabari wa Uvira anayewaeleza watu wa Uvira mambo yao kwa Kiswahili ni mtu wa juzi.

Habari ya kwanza ya Uvira kuandikwa na mgeni na kuchapishwa ilihusu maji. Mwezi Aprili 1858 Waingereza Richard Burton na John Speke walifika hapo kwa mitumbwi kutoka Ujiji, wote wawili wagonjwa. Burton alikuwa na vidonda vya ulimi hata kusema kukamshinda. Walitaka kujua kama Ruzizi unatoka ziwani au unaingia, kwa kuwa jibu hilo lingepima dai kwamba ziwa hili ndilo chanzo cha Nile. Wana wa mtemi wa huko waliwaambia waziwazi kwamba mto unaingia. Jibu lilitolewa, likatafsiriwa, likaandikwa, na bado wasomi wa London waliendelea kubishana. Novemba 1871 wavumbuzi Livingstone na Stanley walipiga makasia mpaka mdomo wa mto wakaona kwa macho yale yale ambayo mvuvi yeyote wa Uvira angewaeleza. Miaka 13 ilipita kabla neno la mwenyeji halijaaminiwa, na lilipoaminiwa, sifa ilimwendea mgeni.

Wakati huo Uvira ilikuwa kituo cha mwisho cha wafanyabiashara upande wa kaskazini wa ziwa. Pembe za ndovu, watumwa, vyuma na nguo za magome ya miti vilibadilishwa hapo kwa shanga na kaniki. Misafara ndiyo iliyoleta Kiswahili, na ilileta ndui pia. Habari ilisafiri kwa mwendo wa mpagazi. Daktari James Christie, aliyefanya kazi Unguja, alilitambua jambo hilo vizuri. Baada ya kipindupindu kuua watu wengi kisiwani mwaka 1869 na 1870, alikaa na wafanyabiashara na viongozi wa misafara akiwauliza ugonjwa waliuona wapi, lini, na waliufuata kwa njia ipi. Kitabu chake kilichotoka mwaka 1876 kilijengwa juu ya majibu yao. Kazi hiyo inastahili kuitwa mzazi wa habari za afya za Afrika Mashariki, maana Christie aliona kwamba ramani ya ugonjwa ni ramani ya safari za watu, na kwamba anayeijua ni msafiri mwenyewe.

Utawala wa kikoloni uliirithi ramani hiyo na kuigeuza chombo cha kuwabana watu. Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa wa malale ulienea kandokando ya maziwa makuu. Ng'ambo ya mashariki walikuwapo Wajerumani, na Uvira ilikuwa chini ya Wabelgiji. Dawa iliyotumika ilikuwa atoksili, aliyoijaribu daktari Mjerumani Robert Koch huko Uganda mwaka 1906 na 1907. Ilikuwa na arseniki, na baadhi ya waliodungwa walipofuka. Kuanzia mwaka 1910 serikali ya Kongo ya Kibelgiji iliwadai wasafiri pasi ya afya, na vijiji vya mwambao na vya Bonde la Ruzizi vilihamishiwa kwenye miinuko, mbali na mbung'o. Hivyo uhamaji wa kukimbia ugonjwa ukawa amri ya serikali. Ripoti zake ziliandikwa kwa Kifaransa na Kijerumani, zikapelekwa Ulaya. Aliyehamishwa hakusomewa hata mstari mmoja. Wamisionari nao, Mapadri Weupe na baadaye Wapentekoste wa Sweden waliofika Uvira mwaka 1921, walianzisha zahanati na shule na kuandika barua nyingi, lakini wasomaji wao walikuwa wafadhili wa makwao.

Baada ya uhuru wa mwaka 1960 mji ulijulikana duniani kwa sababu ya vita. Mei 1964 waasi wa Gaston Soumialot waliuteka, na mwaka uliofuata Che Guevara alivuka kutoka Kigoma akakaa miezi saba katika milima ya Fizi. Mwaka 1972 mauaji ya Burundi yaliwasukuma Wahutu wengi kuvuka Ruzizi. Mwaka 1978 kipindupindu, au kolera, kilifika mashariki mwa nchi kupitia ziwa hili, na tangu hapo hakikuondoka tena. Mambo haya mawili, wakimbizi na kolera, yangetosha kulisha gazeti kwa miaka, lakini nchi, wakati huo ikiitwa Zaire chini ya Rais Mobutu, haikuacha nafasi ya gazeti la namna hiyo. Redio ya taifa, La Voix du Zaïre, ilisifu serikali. Aliyetaka kujua kinachotokea kilomita 30 kutoka nyumbani kwake alingoja jioni, akatia betri, akatafuta masafa mafupi: BBC, iliyoanza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1957, au Deutsche Welle, iliyoanza mwaka 1963. Yaliyobaki yalipita kwa radio trotwari, yaani midomo ya watu barabarani, na mtandao huo ulikuwa wa haraka kuliko wote, ingawa haukuwa na wa kuusahihisha.

Mlango ulifunguka tarehe 24 Aprili 1990, Mobutu alipotangaza mwisho wa chama kimoja. Redio za dini na za mashirika zikaanza kuchipua Kivu. Zilichipua katika majira mabaya. Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye wa Burundi aliuawa, na wakimbizi wakamiminika Uvira. Mwaka uliofuata wakaja Wanyarwanda. Kufikia mwaka 1996 kambi zilizotapakaa kuanzia Bonde la Ruzizi hadi kusini ya mji zilikuwa na watu zaidi ya 200,000, wengi wao Warundi. Umati wa namna hiyo unataka habari kama unavyotaka maji: mpaka umefungwa au uko wazi, chanjo inatolewa wapi, mtoto aliyepotea ameonekana kambi ipi.

Waliokuja kuijibu haja hiyo walikuwa wa aina mbili, na tofauti yao ndiyo funzo gumu kuliko yote katika historia ya uandishi wa habari wa Maziwa Makuu. Upande mmoja palikuwa na Radio Agatashya, iliyoanza kusikika kutoka Bukavu Agosti 1994 kwa juhudi za wanahabari wa Uswisi ambao mwaka uliofuata waliunda shirika la Hirondelle. Agatashya ni mbayuwayu kwa Kinyarwanda. Iliajiri Wakongomani, Wanyarwanda na Warundi, ikatangaza habari za kambi, za afya na za kurejea makwao. Mwaka huo huo wa 1994 BBC ilianzisha matangazo ya Kinyarwanda na Kirundi yaliyoitwa Gahuzamiryango, yaani kinachounganisha jamaa, na kweli majina ya waliopoteana yalisomwa hewani. Upande wa pili, kutoka maeneo ya Uvira yenyewe, ilirushwa Radio Rutomorangingo, redio ya waasi wa Burundi iliyochochea chuki za kikabila ikijiita msema kweli. Msikilizaji mmoja, kwa kuzungusha kitufe kidogo, aliweza kusikia mahali pa kupata dawa na kisha kusikia jirani yake akitukanwa. Maneno ya chuki yalitoka pia kwa wenye madaraka. Mwanzoni mwa Oktoba 1996 naibu gavana wa Kivu Kusini aliwapa Wanyamulenge, yaani Watutsi wa Kongo wa milima ya Kivu Kusini, wiki moja waondoke, na tangazo hilo likawa cheche ya vita. Kabla ya mwezi kuisha Uvira ilikuwa imetekwa na muungano wa waasi wa AFDL, kambi zimebaki mahema matupu, na Agatashya imenyamaza.

Vita ya pili iliyoanza Agosti 1998 iliwafundisha waandishi wa Uvira kwamba habari inaweza kumuua aliyeiandika na aliyetajwa ndani yake. Mwishoni mwa mwaka huo watu waliuawa kwa wingi Makobola, kusini kidogo ya mji. Agosti 2004 wakimbizi zaidi ya 150, wengi wao Wanyamulenge, waliuawa Gatumba, ng'ambo ya mpaka. Kila tukio liliacha jamii yenye majeraha na hesabu yake ya wafu, na mwandishi aliyetoka katika mojawapo ya jamii hizo, iwe ya Wavira, Wafuliiru, Wabembe, Warundi wa bondeni au Wanyamulenge, alipimwa kwa jina lake kabla ya habari yake kusikilizwa. Maneno yenyewe ni mzigo. Sheria ya kimataifa humwita mkimbizi aliyevuka mpaka, na aliyekimbia bila kutoka nchini mwake humpa jina lingine, lakini katika mitaa ya Uvira wote ni wakimbizi, na anayemwita jirani mgeni katika nchi aliyozaliwa amekwisha kuchukua upande. Nidhamu ya kuchagua neno lisilochoma, bila kuficha kilichotokea, ilizaliwa katika miaka hiyo, na hakuna chuo kilichoitangulia.

Radio Okapi, iliyozinduliwa tarehe 25 Februari 2002 na Umoja wa Mataifa pamoja na Hirondelle, iliipa nidhamu hiyo nguvu za kufika nchi nzima. Ilitangaza kwa Kifaransa, Kiswahili, Kilingala, Kikongo na Chiluba, na kwa mara ya kwanza mtu wa Kinshasa alisikia jambo la Uvira siku lilipotokea. Redio ndogo za jamii zilifanya kazi tofauti, iliyo karibu zaidi na ardhi. Ziliwaita wauguzi studioni, zikasoma takwimu za zoni ya afya, zikapokea simu za wasikilizaji, na mtangazaji mmoja akaweza kuhama kutoka Kiswahili kwenda Kifuliiru au Kibembe bila kukata pumzi. Kwa uhai wa wanahabari, Bukavu ililipa gharama kubwa kuliko Uvira: Serge Maheshe wa Okapi aliuawa kwa risasi Juni 2007, na mwenzake Didace Namujimbo Novemba 2008.

Katika habari zote za afya za Uvira, kolera ndiyo shule kuu. Maji ya bomba ya mji yanatoka mto Mulongwe, yakisafishwa na shirika la maji la Rejideso, na umeme ukikatika pampu zinasimama. Robine zikikauka, bidoni hujazwa ziwani au mtoni. Wakazi walisema kwa miaka mingi kwamba ukame wa robine huleta wagonjwa. Mwaka 2015 watafiti wa chuo cha London cha usafi na tiba ya nchi za joto walichapisha hesabu za mji huo kuanzia 2009 hadi 2014: takriban wagonjwa 23 katika kila 100 waliolazwa katika kituo cha kolera wangeweza kuhusishwa na siku ambazo maji yalitolewa chini ya kiwango kinachofaa. Hii ni hadithi ya Ruzizi ikirudi: neno la mwenyeji likangoja kuthibitishwa na mgeni. Safari hii lakini wanahabari wa mji walikuwapo kuichukua namba hiyo, kuitafsiri kwa Kiswahili na kuiuliza Rejideso mchana kweupe. Mwaka 2020 chanjo ya kolera ya kunywa ilipotolewa kwa wingi, kazi yao ikawa kueleza kwamba chanjo hupunguza hatari na haichukui nafasi ya maji safi. Utafiti uliofuata ulionyesha kwamba dozi moja iliwakinga karibu nusu ya ambao wangeugua.

Mwaka huo huo wa 2020, usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili, Mulongwe ulifurika. Makumi ya watu walikufa, nyumba kwa maelfu zilisombwa, na mabomba ya maji yaliharibika wakati ule ule ambao kila redio ilikuwa ikihimiza kunawa mikono kwa sababu ya korona. Ziwa lenyewe likaanza kupanda, likala mitaa ya ufukweni na sehemu za bandari ya Kalundu, na mwaka 2024 likakaribia kimo chake cha mwaka 1964. Ndipo neno mkimbizi likapata maana mpya mjini, mtu aliyehama bila kufukuzwa na bunduki. Kundi la vijana wenye simu za mkononi, wanaopiga picha, kurekodi sauti na kutuma kwa WhatsApp kabla studio haijapata mafuta ya jenereta, lilikomaa katika mafuriko hayo. Mpox ya aina mpya ilipogunduliwa Kamituga mwishoni mwa 2023, ikafika Uvira na kuvuka hadi Burundi Julai 2024, walikuwa tayari wanajua maswali ya kuuliza: mgonjwa alitoka wapi, alilala wapi, na nani amekataliwa dukani kwa sababu ya upele wake.

Februari 2025 Bukavu ilitwaliwa na waasi wa M23. Serikali ya mkoa ikahamia Uvira, na makumi ya maelfu ya watu wakavuka Ruzizi kuingia Burundi, wengine kwa kuogelea au kwa vyombo vya kubahatisha. Desemba mwaka huo wapiganaji hao waliingia Uvira yenyewe, na wimbi jingine likavuka. Waandishi wengi waliondoka pamoja na waliokuwa wakiwaandika, wakiwa na simu mfukoni na bila studio. Habari za mji zikaanza kukusanywa upande wa Burundi, kutoka kwa wanaofika, kwa kumuuliza kila mmoja alipita njia ipi, nani alibaki nyuma, na kama huko alikotoka maji yalikuwa bado yanatoka.