Ubongo wa Mzee na Mchochota: Madaktari Walijuaje?

Wiki hii tunazungumza juu ya ubongo wa mzee. Wengi wenu mna mama mkwe au nyanya anayesahau jina la mjukuu, au anayeuliza swali lile lile mara tano kabla chai haijaisha. Jirani naye husema, "Huo ni uzee tu, ubongo ukichakaa haurudi." Maneno hayo hayakuanzia kwa jirani yako. Yalianzia kwa wasomi wakubwa.

Mwanzoni mwa karne ya 20, bingwa wa mambo ya ubongo alikuwa Mhispania, Santiago Ramón y Cajal. Alipata Tuzo ya Nobel mwaka wa 1906 kwa kazi yake juu ya seli za neva, yaani zile chembechembe zinazopeleka habari ubongoni na mwilini. Miaka michache baadaye aliandika kwamba katika ubongo wa mtu mzima seli hizo hufa tu, hazizaliwi tena. Kwa kuwa aliyesema ni mkubwa, wanafunzi wa udaktari walifundishwa hivyo kwa miaka mingi.

Mhispania mwenzake, Pío del Río-Hortega, alieleza mwaka wa 1919 seli za aina nyingine ziitwazo mikroglia. Hizi ni askari wa ubongo. Hufagia takataka na kupambana na maadui. Shika jina hilo, tutalirudia.

Mwaka wa 1962, huko Marekani, Joseph Altman aliwadunga panya wazima dawa yenye miale kidogo ambayo huingia ndani ya seli inapojigawa. Alipotazama ubongo wao aliona alama kwenye seli zilizofanana na za neva. Mwaka wa 1965, yeye na mwenzake Gopal Das walionyesha kwamba seli mpya zilikuwa zikizaliwa katika hipokampasi. Hiyo ni sehemu ndogo iliyo ndani ya ubongo, usawa wa masikio, na ndiyo inayotusaidia kuweka kumbukumbu mpya. Ni watu wachache waliomsikiliza Altman. Mimi naona hapo miaka mingi ilipotea bure, kwa sababu tu kitabu kilikuwa kimeshasema. Hata mwaka wa 1983, Fernando Nottebohm na mwenzake walipopata seli mpya za neva katika ubongo wa ndege wa jamii ya chiriku, wengine walisema ndege ni ndege, binadamu ni binadamu.

Basi mwaka wa 1998 Peter Eriksson wa Uswidi na Fred Gage wa Marekani walichunguza ubongo wa watu watano waliokuwa wamekufa kwa saratani. Walikuwa na umri wa miaka 57 hadi 72. Walipokuwa hai walidungwa dawa ya kutia alama seli zinazogawanyika, ili madaktari wafuatilie saratani yao. Alama hizo zilikutwa kwenye hipokampasi, ndani ya seli mpya za neva. Wazee hao walikuwa wakiota seli mpya huku wakiwa wagonjwa.

Sasa swali likawa: kama seli huzaliwa, mbona uzeeni hupungua? Hapa ndipo mchochota unapoingia. Mtoto akichomwa na mwiba, mahali pale hupata joto, huwa pekundu na kuvimba. Huo ni mchochota, kinga ya mwili ikiwa kazini. Ubongoni huuoni kwa macho. Wale askari, mikroglia, wakiamshwa hutoa kemikali kali, na kadiri mtu anavyozeeka ndivyo wanavyoamka upesi na kuchelewa kutulia.

Mwaka wa 2003 vikundi viwili, kimoja cha Michelle Monje na Theo Palmer huko Marekani, kingine cha Uswidi, viliwadunga panya sumu itokayo kwa bakteria. Mikroglia waliamka, na seli mpya za neva zikapungua. Panya walipopewa dawa ya kutuliza mchochota, seli mpya zilionekana tena. Mwaka wa 2011 Saul Villeda na Tony Wyss-Coray waliunganisha mzunguko wa damu wa panya mzee na wa panya kijana. Yule kijana akapungukiwa na seli mpya. Kwa hiyo yaliyomo damuni hufika mpaka ubongoni.

Dada yangu, usikimbilie duka la dawa! Hao ni panya. Kuanzia mwaka wa 2001 Wamarekani zaidi ya 2,500 wenye miaka 70 na zaidi walijaribiwa kwa dawa mbili za kutuliza maumivu na mchochota. Mwaka wa 2004 walisimamishwa kwa hofu ya madhara ya moyo, na dawa hizo hazikuwakinga na ugonjwa wa kusahau. Dawa za namna hiyo humtoa mzee damu tumboni na kumharibu figo. Wataalamu wenyewe bado hukosana: mwaka wa 2018 kundi moja lilisema seli mpya hazionekani kwa watu wazima, lingine likaziona hadi kwa mtu wa miaka 79.

Kinachokuhusu wewe leo ni hiki. Mzee aliyekuwa sawa juzi, na leo hajui yuko wapi, anaona watu wasiokuwapo au analala mchana kutwa, huyo ni mgonjwa. Huenda ana nimonia, malaria au maambukizi ya njia ya mkojo, na mwili wake usipate joto hata kidogo. Kilifi na Kisii wazee wameuawa wakiitwa wachawi, na baadhi ya tabia zilizowaponza zinafanana na ugonjwa wa ubongo.

Mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo. Chukua dawa zote anazomeza, hata za kienyeji. Mweleze muuguzi ilianza siku gani, kama anakunywa maji, kama anakojoa vizuri, na kama alianguka.