Cheche za Mlimani

Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana hadi Ikulu, Dar es Salaam, wakipinga masharti ya kwenda Jeshi la Kujenga Taifa, hasa makato ya mshahara. Mwalimu Nyerere alighadhibika, akawarudisha makwao karibu 400. Hapohapo akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20.

Mwaka uliofuata, Mlimani, kwenye kampasi ya chuo hicho, palizuka vijana wa namna nyingine kabisa. Azimio la Arusha lilikuwa limetangazwa Februari 1967 na mabenki yametaifishwa. Wanafunzi kutoka nchi mbalimbali wakaunda umoja wa kimapinduzi uliojulikana kwa kifupi kama USARF, mwenyekiti wake akiwa Yoweri Museveni wa Uganda. Walter Rodney, mhadhiri wa historia kutoka Guyana, alikuwa karibu nao sana. Baadhi yao walifika hadi Msumbiji, katika maeneo yaliyokombolewa na wapigania uhuru wa FRELIMO.

Siasa yao iliitwa kali, na ilistahili jina hilo. Waliamini kwamba dhuluma haiondoki kwa kubadilisha watawala tu, bali kwa kung'oa mfumo unaoizaa.

Imani hiyo waliitia vitendoni. Chuoni kulikuwa na desturi ya wanafunzi kuvaa matambara na kuzunguka mjini juu ya malori wakichangisha fedha za misaada. USARF waliona ni kuwakejeli maskini. Mwaka 1968, siku ya msafara ilipofika, walitoa upepo kwenye matairi ya malori.

Novemba 1969 likatoka jarida lao, Cheche. Kurasa zilipigwa taipu kwenye stensili, zikadurufiwa, zikapangwa kwa mikono ya wanafunzi wenyewe. Toleo maalumu la Septemba 1970 lilibeba makala ndefu ya Issa Shivji kuhusu mapambano ya kitabaka yanayoendelea kimyakimya. Shivji alichambua mashirika yaliyotaifishwa na kuonyesha jinsi yalivyobaki yamefungwa kwa mikataba ya uendeshaji na makampuni ya nje. Kisha akauliza swali zito: ni nani hasa anayezimiliki njia kuu za uchumi?

Novemba 1970 USARF na Cheche vikapigwa marufuku. Hoja iliyotolewa ni kwamba Tanzania ina itikadi yake na haihitaji ya kuazima. Hata maana ya jina la jarida ilifanana na ya Iskra, gazeti la Lenin. Hoja hiyo haikugusa swali la Shivji. Vijana hawa hawakuupinga ujamaa. Waliudai kwa ukamilifu wake, na nchi ilipoteza jukwaa ililolihitaji mno.

Swali lenyewe halikuzimika. Februari 1971 chama tawala, TANU, kilitoa Mwongozo, uliokataza viongozi kuwa na majivuno na dharau. Wafanyakazi wakaushika. Katika miaka michache iliyofuata viwanda vya Dar es Salaam vilishuhudia migomo, mameneja wakafungiwa milango, na mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel walikitwaa kiwanda na kuanza kukiendesha wenyewe.