Agrini na kiunzi cha nje ya seli

Seli za mwili wetu zimezungukwa na mada ambayo zenyewe zimeitengeneza na kuitoa nje: nyuzi za kolajeni, laminini, na protini zilizobeba minyororo mirefu ya sukari. Anayefundisha biolojia kwa Kiswahili hana budi kuipa mada hiyo jina. Wengi hukimbilia "matriksi", neno ambalo mwanafunzi hulihusisha kwanza na hesabu, zile safu za namba ndani ya mabano, na halimwambii lolote kuhusu mwili. Mimi nasema tuiite kiunzi cha nje ya seli. Jina hili linaeleweka mara moja, ila lina upungufu mmoja: kiunzi hushikilia tu. Mada hii hufanya zaidi ya kushikilia, na protini iitwayo agrini ndiyo ushahidi bora ninaoujua.

Tuanzie pale neva inapokutana na msuli, mahali paitwapo sinapsi. (Nasema neva kwa makusudi. "Mshipa" umebebeshwa mambo mengi mno: mishipa ya damu, mishipa ya fahamu, hata ngiri.) Ncha ya neva na seli ya msuli hazigusani, kati yake kuna mwanya wa nanomita 50 hivi. Neva humwaga kemikali ya asetilikolini, nayo huvuka mwanya na kunaswa na vipokezi vilivyo juu ya msuli, ndipo msuli unakaza. Vipokezi hivyo havikutawanywa ovyo. Mkabala na ncha ya neva hufikia 10,000 hivi katika kila mikromita mraba moja, na ukisogea pembeni kidogo hupungua mara elfu moja au zaidi. Eneo lote hilo halifiki hata sehemu moja ya mia ya uso wa seli ya msuli. Nani huvionyesha vipokezi mahali pa kukusanyika?

Jibu lilitafutwa kwa chura. Kila seli ya msuli huvikwa utando mwembamba wa kiunzi, nami nauita ala, kwa kuwa huizunguka seli kama ala inavyouzunguka upanga, na upanga ukiondolewa, ala hubaki na umbo lake. Ndivyo ilivyotokea katika maabara ya U. J. McMahan, nchini Marekani. Mwaka 1978, yeye na wenzake Joshua Sanes na Lawrence Marshall waliharibu seli za msuli wa kifuani mwa chura, wakakata neva zake na kuzuia msuli usiote tena. Ala tupu ikabaki. Neva zilipoota upya zilirudi kwenye ala hiyo, zikatengeneza ncha zake palepale pa zamani, ingawa hapakuwa na msuli wa kuzipokea. Mwaka uliofuata, maabara hiyohiyo ilifanya kinyume chake: msuli uliachwa uote upya ndani ya ala, neva zikazuiwa kurudi. Vipokezi vilijikusanya mahali pa sinapsi ya zamani, bila neva yoyote.

Msuli wa awali haukuwapo tena, wala neva. Kilichosalia ni ala, na ndani yake mlikuwa na maelekezo.

Kuitoa protini yenyewe kwenye msuli wa chura kungekuwa kazi ngumu, kwa sababu sinapsi ni chache mno. Watafiti walimgeukia samaki wa jamii ya taa anayeishi pwani ya California, Torpedo californica, ambaye hupiga windo lake kwa umeme. Kiungo chake cha umeme asili yake ni msuli, na kimejaa sinapsi tele. Kutokana nacho walipata protini iliyofanya vipokezi vikusanyike juu ya seli za msuli zilizokuzwa maabara, wakaitangaza mwaka 1987. Waliiita agrin, kutokana na kitenzi cha Kigiriki chenye maana ya kukusanya. Kwa Kiswahili tuiache iwe agrini. Ni jina la kitu mahususi, na daktari wa Mwanza au Mombasa atalihitaji akisoma majibu ya vipimo vya jeni.

Leo utendaji wake unajulikana vizuri. Neva huitoa agrini, nayo hujishika kwenye ala. Hapo hukutana na protini ya msuli iitwayo LRP4, ambayo huiamsha nyingine, MuSK; MuSK ikiamka, vipokezi hufungwa pamoja na kutulizwa mahali pake. Msuli nao hutengeneza agrini yake kwa jeni ileile, lakini hukosa kipande kifupi cha asidi amino ambacho neva pekee hukiongeza, na kwa hiyo haiwezi kazi hii. Panya walioondolewa agrini, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1996, walikufa tumboni au walizaliwa wafu.

Mwaka 2005 liliongezeka jambo ambalo kwangu ndilo zuri kuliko yote. Ilionekana kwamba asetilikolini, mbali na kuukaza msuli, huvitawanya vipokezi ambavyo havijatulizwa. Agrini huipinga nguvu hiyo. Neva basi hutoa vitu viwili, kimoja kinatawanya na kingine kinakusanya, na vipokezi hubaki pale tu penye agrini.

Hili linamgusa mgonjwa moja kwa moja. Katika ugonjwa wa miastenia, kope hulegea, mgonjwa huona vitu viwiliviwili, na nguvu hupungua kadiri anavyoitumia misuli yake. Mara nyingi chanzo ni kingamwili zinazoshambulia vipokezi, na dawa ya pairidostigmini husaidia kwa kuifanya asetilikolini idumu. Lakini wapo wachache waliozaliwa na kasoro katika jeni ya agrini, aina iliyoelezwa kwa mara ya kwanza mwaka 2009. Kwao dawa hiyo mara nyingi haifui dafu, na baadhi huwazidishia udhaifu. Salbutamoli, ileile ya pumu, imewafaa baadhi yao. Kipeperushi kinachosema tu "udhaifu wa misuli" kinaficha tofauti hiyo kubwa.

Na kushikilia je? Agrini hufanya hilo pia. Mwaka 2001, watafiti wa Uswisi walitengeneza agrini iliyofupishwa, wakaiweka katika panya waliopungukiwa na laminini ya msuli, kasoro ambayo kwa binadamu huleta ugonjwa mkali wa kudhoofika misuli tangu utotoni. Laminini iliyokosekana haikurudi. Agrini fupi iliifunga ala na seli pamoja upya, na panya wale wakapata nafuu na kuishi muda mrefu zaidi.

Kwa hiyo, waandishi wa vitabu vya biolojia na vipeperushi vya hospitali, mkiliandika jina la kiunzi, lifasirini kwa vitenzi viwili, wala msikubali kimoja: kiunzi cha nje ya seli ni mkusanyiko wa protini na sukari ambao seli huutoa nje yake, nao huzishikilia seli na kuzielekeza.