Chapa ya Kichwa cha Chui: Habari za Chama cha Masonara wa London



Kila mwaka hesabu za chama zinapoletwa mbele ya mkutano, hakosekani mtu wa kunong'ona kwamba kumkagua mweka hazina ni kumvunjia heshima. "Huyu ni mtu wetu, twamjua tangu utotoni; ya nini kumhesabia senti?" Neno hilo latoka katika moyo mwema, wala hatulidharau. Lakini yafaa tuwatazame watu wa mbali waliokutana na jambo kama hilo zaidi ya miaka 700 iliyopita, tuone walilitengenezaje. Watu hao ni masonara wa mji wa London, na chama chao kingali hai hata leo.

Zama za kale mafundi na wafanya biashara wa London walijiunga kila watu kwa kazi yao: wauza samaki kwao, washona nguo kwao, masonara kwao. Vyama vya namna hiyo katika mji huo leo ni zaidi ya 110, na katika safu ya heshima Chama cha Masonara ni cha tano. Vingi katika hivyo vimebaki na karamu, joho na sadaka tu, kwa kuwa kazi zilizovizaa zimekufa au zimetoka mikononi mwao. Masonara ni miongoni mwa wachache ambao sheria ya nchi bado inawadai kazi ile ile waliyopewa mwanzo.

Mwanzo wake ulikuwa hivi. Fedha tupu ni laini mno, haifai kwa kikombe wala sahani mpaka itiwe shaba kidogo. Lakini fundi asiye mwaminifu aweza kuongeza shaba kupita kiasi, na mnunuzi asijue kitu, kwa maana macho hayatambui. Mwaka 1300 Mfalme Edward wa Kwanza alitoa sheria kwamba chombo cha fedha kisitoke mkononi mwa fundi kabla ya kupimwa na wasimamizi wa kazi hiyo, na kupigwa chapa ya kichwa cha chui. Kipimo kilikuwa sehemu 925 za fedha safi katika kila sehemu 1000, na ndicho kipimo kilichodumu. Mwaka 1327 Mfalme Edward wa Tatu aliwapa masonara hati yao ya kifalme, na mwaka 1339 wakapata kiwanja ambacho jumba lao limesimama juu yake hata sasa. Jumba la leo ni la tatu mahali hapo; lilifunguliwa mwaka 1835.

Wala tusidhani chama hicho kilikuwa cha kupima madini tu. Kazi ya usonara ilikuwa na madhara makubwa. Aliyetaka kupaka dhahabu juu ya fedha aliichanganya na zebaki, akaipaka, kisha akakitia chombo motoni. Zebaki ikatoka kwa moshi, dhahabu ikabaki. Moshi ule ulikuwa sumu. Katika karne ya 14 masonara walieleza mbele ya mfalme kwamba wenzao wengi walikuwa wamepofuka kwa moto na moshi wa zebaki, na wengine wamedhoofika hata hawawezi kujilisha, na wakapata ruhusa ya kumiliki mali ili mapato yake yawasaidie wasiojiweza. Hapo mwanachama yeyote wa chama chetu ataona jambo analolifahamu: watu wa kazi moja wanachanga, ili aliyeanguka asiokotwe na wapita njia, bali aokotwe na wenzake.

Basi zilikuwapo hazina mbili mikononi mwa viongozi wale: mali ya maskini, na jina jema la masonara wote. Nani atawaangalia waangalizi? Hapo zamani wasimamizi walikwenda na chapa yao kutoka duka hata duka. Mwaka 1363 ikaamriwa kwamba kila fundi awe na chapa yake mwenyewe, ili chombo kibovu kijulikane kimetoka kwa nani. Lakini je, kama fundi amefanya hila na mpimaji akapitisha? Mwaka 1478 mlango huo nao ukafungwa. Sheria ilikifanya chama chenyewe kuwa mdhamini: mpimaji akikosea, chama hulipa. Wakaweka mpimaji wa mshahara ndani ya jumba lao, mafundi wakaleta vyombo huko, na juu ya kila chombo ikaongezwa herufi moja iliyobadilishwa kila mwaka. Herufi ile haikuwekwa kwa ajili ya pambo. Iliwekwa ili chombo kikionekana kibovu hata baada ya miaka mingi, ijulikane ni mpimaji gani aliyekuwa kazini mwaka ule.

Wazee wangu, hapo ndipo pa kutuama. Masonara hawakumwekea mpimaji alama kwa kuwa walimdhania mwizi, walimchagua wenyewe. Waliiweka ili mpimaji mwema awe na ushahidi wa wema wake, na mbaya asipate kujificha nyuma ya wema wa wenzake.

Kazi hiyo haijakoma. Kwa sheria ya mwaka 1973, mtu hawezi katika Uingereza kuuza kitu na kukiita cha dhahabu au cha fedha bila chapa, isipokuwa vidogo sana. Kwa dhahabu ni vile visivyozidi gramu 1, kwa fedha gramu 7.78. Ziko ofisi nne za kupima: London, Birmingham, Sheffield na Edinburgh, na ile ya London ni ya Chama cha Masonara. Chapa za lazima ni tatu: ya mwenye kuleta kitu, ya kiwango cha usafi, na ya ofisi iliyopima. Herufi ya mwaka si lazima tena tangu mwaka 1999, ingawa wengi bado wanaipenda. Siku hizi vipo vyombo vya miali vinavyosoma madini pasipo kuyakwangua, lakini njia ya kale ya moto haijatupwa: punje ya dhahabu hupimwa uzito, ikayeyushwa pamoja na risasi katika kikombe cha majivu ya mifupa, taka zikanywewa na kikombe, kisha kilichobaki kikasafishwa na kupimwa tena.

Tena liko baraza moja la ajabu linalofanyika kila mwaka katika jumba hilo. Sarafu zilizochukuliwa katika zile zilizotengenezwa na kiwanda cha fedha cha serikali huletwa katika masanduku mbele ya jaji, na wanachama walioapishwa huzihesabu na kuzipima. Baada ya miezi michache hutoa hukumu yao hadharani. Desturi hiyo ilitiwa katika kanuni tangu mwaka 1282. Hata Isaac Newton, mwanachuoni mashuhuri aliyekuwa mkuu wa kiwanda hicho, hakusamehewa. Mwaka 1710 wapimaji walisema dhahabu ya sarafu zake ilipungua kidogo. Newton alikasirika, akachunguza, akaonyesha kwamba sarafu zilikuwa sawa. Kibao cha dhahabu walichokitumia kuwa kipimo ndicho kilichosafishwa kupita kiasi. Basi wakarudi kwenye kibao cha zamani. Twajifunza kwamba kukaguliwa humkosoa mkosa, lakini pia humwokoa asiye na kosa. Na kwamba kipimo chenyewe hakina budi kupimwa.

Haifai kuwasifu bila kusema aibu yao. Vyama vile vilipenda kujifungia. Wakimbizi Waprotestanti walipotoka Ufaransa kwa wingi baada ya mwaka 1685, masonara wengi wa London waliwanung'unikia na kutaka wasikubaliwe. Hata hivyo Paul de Lamerie, mtoto wa wakimbizi hao, aliandikisha chapa yake mwaka 1713, na mwaka 1741 chama chenyewe kikamwagizia birika na sahani yake, ambavyo vingali katika hazina yao. Naye Hester Bateman, mjane aliyeachiwa na mumewe vyombo vya kazi, aliandikisha chapa yake mwaka 1761, na karakana yake ikawa mashuhuri. Jina la mgeni na jina la mjane yamedumu. Ya wale waliowanung'unikia hatuyasikii.

Na vijana je? Mwanagenzi hata leo hufungwa kwa hati ndani ya jumba, mbele ya wasimamizi, akae kwa fundi miaka kadhaa, na mwisho alete kazi ya mkono wake ionekane kama amehitimu. Mwaka 1891 chama kilifungua shule ya ufundi kusini mwa London. Mwaka 1904 kikaitoa kwa Chuo Kikuu cha London, na chuo hicho kingali na jina la masonara. Mwaka 2012 kikafungua nyumba nyingine ya kufunzia vijana usonara. Sadaka nazo hazijakoma, na nyingi zawafikia watu ambao hawajashika nyundo maishani mwao.

Hapa kwetu, mtu akinunua pete kwa sonara wa Lamu au wa Mombasa, aghalabu humwamini kwa kuwa anamjua yeye na baba yake. Hiyo ni chapa njema, nasi tusiipoteze. Lakini chama kinapokua, wanachama wakatawanyika mijini wasijuane nyuso, chapa ya uso haitoshi. Mjane aliye mbali hamjui mweka hazina; ajua tu kwamba mumewe alichanga kila mwezi, na kwamba siku ya msiba aliambiwa kuna kitu au hakuna.

Kwa ajili yake, wakaguzi wanaposimama mwaka huu na vitabu vyao, tusinong'one. Nasi viongozi tusinune. Tuandike jina la kila aliyepokea, la aliyetoa na la aliyekagua, pamoja na mwaka wake, ili watoto wetu wakifungua daftari hili baada ya sisi kuondoka, wajue kila senti ilipitia mkono wa nani.