Neno la Herufi 27 na Ugomvi wa Waliolihesabu

Ulipowadia mwaka 2023, na kutimia karne nne tangu kupigwa chapa mjini London juzuu kubwa la michezo ya kuigiza ya William Shakespeare, sifa zilimiminika juu ya wafalme, wapenzi na wauaji waliomo ndani yake, ambao baadhi yao sisi tumewajua kwa Kiswahili fasaha cha Mwalimu Julius Nyerere. Lakini ni wachache waliosita katika ukurasa wa 136, penye neno moja lililowahi kuwagombanisha watu wazima wenye elimu na mali. Neno lenyewe ni honorificabilitudinitatibus.

Herufi zake ni 27, nazo zimepangwa kwa nidhamu ya ajabu, konsonanti kisha irabu, toka mwanzo hata mwisho, bila konsonanti mbili kugusana popote, kiasi kwamba ulimi wa Mswahili hauoni tabu nalo. Asili yake ni Kilatini cha zama za kati, na maana yake ni hali ya kustahiki kupewa heshima. Johannes Balbus wa Genoa alilitia katika Catholicon, kitabu cha lugha alichokikamilisha mwaka 1286. Mshairi Dante wa Italia akalitolea mfano wa neno lililopita kiasi kwa urefu. Na Samuel Johnson, alipohariri michezo ya Shakespeare mwaka 1765, akaeleza kuwa aghalabu lilitajwa kuwa refu kuliko maneno yote yanayojulikana.

Shakespeare alilitumia mara moja tu, katika Love's Labour's Lost, mchezo uliopigwa chapa mwaka 1598, na hakumpa mfalme wala mwanachuoni alitamke. Alilitia kinywani mwa Costard, mtu wa shamba asiye na elimu, aliyekuwa akiwasikiliza mwalimu wa shule na kasisi wakitambiana kwa vipande vya Kilatini, naye akaona hapana jibu la ghururi yao ila kutupa neno kubwa kuliko yao yote. Yalikuwa ni masihara, na kwa karibu miaka 300 yalichukuliwa hivyo.

Katika karne ya 19 ilizuka itikadi ya kwamba Shakespeare, mtoto wa mtengeneza glavu wa Stratford, asingeweza kuandika kazi zile, na kwamba mwandishi wa hakika ni Francis Bacon, mwanafalsafa na waziri wa Mfalme James. Wafuasi wa itikadi hiyo wakatafuta ushahidi uliofichwa. Daktari mmoja wa Marekani, Isaac Hull Platt, alizichambua herufi za neno letu na kuzipanga upya, akapata sentensi ya Kilatini yenye jina la Bacon. Kisha mwaka 1910 akaja Sir Edwin Durning-Lawrence, tajiri aliyewahi kuwa mbunge wa Truro, akiwa na kitabu kizima na sentensi aliyoiona kuwa bora zaidi, yenye maana kwamba michezo hii, mzao wa F. Bacon, imehifadhiwa kwa ajili ya ulimwengu.

Hakuridhika na hapo. Wazee wetu wa pwani waliojua hesabu ya abjadi wasingeiona njia yake kuwa ngeni: kila herufi aliipa thamani yake, A ikiwa moja na B mbili, katika alfabeti ya zamani ya herufi 24, akajumlisha na kupata 287. Kisha akauchukua ukurasa wa 136, akahesabu maneno yaliyochapwa kwa herufi za kawaida, akaliona neno lake kuwa la 151. Na 136 ukijumlisha na 151, jawabu ni 287. Kwake yeye hiyo ilikuwa burhani iliyokata shauri, naye akaahidi gini 100 kwa yeyote atakayeleta sentensi nyingine yenye kutimiza masharti yote aliyoyaweka.

Majibu ya mahasimu yalikuwa mepesi na ya kuumiza. Neno lilikuwamo vitabuni karne kadhaa kabla Bacon hajazaliwa, basi lingewezaje kutungwa ili limfiche yeye? Tena mjuzi mmoja wa kazi za Dante alizipanga herufi zile zile 27, bila kuzidisha wala kupunguza hata moja, akapata sentensi ya Kilatini isemayo kwamba alipo Mwitalia, hapo Dante huheshimiwa. Kwa kanuni ya Sir Edwin ingetupasa tukiri kuwa michezo hiyo aliiandika Dante, aliyefariki mwaka 1321. Yeye Sir Edwin alifariki mwaka 1914, na maktaba yake ikaishia katika Chuo Kikuu cha London.

Tangu hapo Kiingereza kimekwisha kupata maneno marefu kuliko hilo. Lipo floccinaucinihilipilification, la herufi 29, ambalo ni kitendo cha kukihesabu kitu kuwa si kitu, nalo, kama lile la Costard, limejaa herufi I na halina E hata moja. Lipo pia lile la herufi 45 la ugonjwa wa mapafu utokanao na vumbi la volkano, ambalo wapenda mafumbo wa Marekani walilizua mwaka 1935 ili liwe refu, na makamusi yakalikubali. Siku hizi yote haya yamebaki kuwa maswali ya mashindano, na anayeulizwa hutakiwa kujua idadi ya herufi, wala haombwi maana.

Nasi hatuna haki ya kuwacheka Waingereza peke yao, maana majukwaani na maofisini mwetu bado yupo anayechomeka neno refu la kigeni ili wasikilizaji wanyamaze, na wapo wanaonyamaza kwa taadhima badala ya kuuliza maana yake. Costard hakunyamaza, bali aliwarudishia wenye majivuno silaha yao wenyewe. Sir Edwin alizihesabu herufi zote za neno lile, akajua na thamani ya kila moja, lakini dhihaka iliyomo ndani yake hakuiona.