Sauti ya Bwana Wake: Santuri na Wenye Shaka Nayo

Mwaka 1928 waimbaji na wapigaji ala kutoka Unguja walivuka bahari kwenda Bombay. Hawakuchukua karafuu wala pembe. Shehena yao ilikuwa sauti. Aliyewaongoza kwa umaarufu alikuwa mwanamke aliyezaliwa Fumba mnamo mwaka 1880, mtoto wa watu wa chini, ambaye wazazi wake walimpa jina la Mtumwa. Jina la Siti alilijia baadaye, mjini, kwa heshima ya uimbaji wake. Huko Bombay alisimama mbele ya kinasa sauti, na nyimbo za Kiswahili zikachorwa katika sahani nyeusi za santuri.

Sahani hizo zilibeba chapa ya mbwa aliyeinamisha kichwa mbele ya baragumu la gramafoni, na jina la chapa hiyo lilikuwa His Master's Voice, yaani Sauti ya Bwana Wake. Utumwa ulikuwa umepigwa marufuku Unguja tangu mwaka 1897. Miaka 31 baadaye, mwanamke aliyeitwa Mtumwa akaja kusikika Pwani nzima kwa sauti yake mwenyewe, chini ya nembo iliyosema kuwa sauti ni ya bwana. Hakuna aliyekusudia kejeli hiyo. Lakini historia ya santuri, na ya vyombo vyote vya starehe vilivyoifuata, imejaa kejeli za namna hiyo. Na kila mara walikuwapo watu waliozitambua mapema, wakazisema, wakachekwa.

Hata picha ya mbwa yule ina kisa chake. Mchoraji wake, Francis Barraud wa Uingereza, alimchora mbwa huyo akisikiliza fonografu, mashine ya aina ya Thomas Edison. Mwaka 1899 kampuni ya gramafoni ya London ilikubali kuinunua picha kwa sharti moja: mashine ya mshindani ifutwe na gramafoni ichorwe mahali pake. Barraud akapaka rangi juu ya rangi. Basi picha iliyokuja kuwa alama ya uaminifu wa mnyama kwa sauti ya bwana wake ilianza kwa kubadilishwa bwana.

Edison alipobuni fonografu mwaka 1877 hakuwa na hakika itafaa kwa nini. Mwaka uliofuata alichapisha orodha ya matumizi yake. La kwanza lilikuwa kuandikisha barua bila ya karani. La pili, vitabu vya kusikiliza kwa ajili ya vipofu. La tatu, mafunzo ya usemi. Muziki ulikuja katika nafasi ya nne. Hapa ndipo mwenye shaka anapopata hoja yake ya kwanza: chombo kilizaliwa kabla ya haja, kisha haja ikatafutiwa watu. Wahenga walinena kuwa kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Fonografu ilitembezwa sana kabla ya kujua inauza nini.

Ilipokwisha kubainika kuwa watu wanataka muziki, kutembezwa kulizidi. Kuanzia mwaka 1915 kampuni ya Edison iliandaa maonyesho katika kumbi za Marekani. Mwimbaji alisimama kando ya mashine, taa zikazimwa, hadhira ikatakiwa ibaini ni nani anayeimba, mtu au chombo. Magazeti yaliandika kuwa haikuwezekana kutofautisha. Baada ya miaka mingi mmoja wa waimbaji hao, Anna Case, alieleza kuwa alikuwa akiilinganisha sauti yake na ile ya mashine ili watu wasitambue. Sifa yote iliendea chombo kwa kumfikia binadamu, ilhali binadamu ndiye aliyekuwa ameshuka akakifikia chombo.

Na chombo chenyewe kilikuwa na hila. Mifereji ya sahani za Edison ilichongwa kwa namna ya pekee, hata hazikuweza kupigwa sawasawa katika gramafoni za wengine. Aliyenunua mashine yake alikuwa amejifunga kununua na sahani zake. Edison alipoiacha biashara hiyo mwaka 1929, wanunuzi walibaki na mashine nzuri ambazo hakuna tena aliyezitengenezea nyimbo.

Mtu aliyeshika bango la wenye shaka katika zama hizo alikuwa mwanamuziki. John Philip Sousa, kiongozi wa bendi na mtunzi wa nyimbo za gwaride, alichapisha mwaka 1906 makala dhidi ya muziki wa mashine. Aliupachika jina la dhihaka, muziki wa kopo, kana kwamba ni samaki wa kusindikwa. Alitabiri kuwa watoto wataacha kujifunza ala, kuwa mama atamlaza mwanawe kwa mtambo badala ya kumbembeleza kwa mdomo wake, na kuwa koo la binadamu litalegea kwa kukosa kazi.

Ni rahisi kumkejeli Sousa. Bendi yake ilikuwa miongoni mwa zilizorekodiwa sana Marekani, ingawa mwenyewe aghalabu hakupenda kuiongoza mbele ya baragumu. Tena alikuwa na maslahi yake: kampuni ziliuza nyimbo zake bila ya kumlipa mtunzi. Alifika mbele ya kamati ya Bunge la Marekani mwaka huohuo wa 1906 kulalamika. Mwaka 1908 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kuwa karatasi za matundu zilizotumika katika piano za kujipiga hazikuwa nakala za utunzi, kwa kuwa binadamu hawezi kuzisoma kwa macho. Kwa maneno mengine, wimbo uliotiwa ndani ya mashine ulikuwa umemtoka mwenyewe. Bunge lilirekebisha jambo hilo mwaka 1909 kwa sheria iliyompa mtunzi senti 2 kwa kila nakala. Senti hizo mbili zilikaa vilevile mpaka mwaka 1978.

Kwa hiyo katika lawama za Sousa mna hoja mbili ambazo hazina budi kutenganishwa. Ya kwanza ilihusu roho: mashine itanyamazisha watu. Ya pili ilihusu mkataba: mashine itachukua bila ya kutoa. Visiwani hoja hizi mbili zilikwenda njia tofauti kabisa.

Ile ya kwanza haikusadifu. Taarabu ya Unguja ilikuwa imelelewa na jumba la Sultani, ikiimbwa kwa Kiarabu. Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, ndiye atajwaye katika masimulizi kuwa alimpeleka Mohamed Ibrahim Misri kujifunza muziki. Mwaka 1905 kikaundwa chama cha Ikhwani Safaa. Santuri za Siti ziliitoa sauti ya Kiswahili katika mitaa ya mji na kuifikisha mbali. Gramafoni ilizungushwa kwa mkono na kuendeshwa kwa kamani kama saa, haikuhitaji umeme. Iliweza kukaa mgahawani, ikapigwa kwa ajili ya watu wengi ambao hawakuwa na uwezo wa kuinunua. Wala waliosikia hawakunyamaza. Walishika maneno, wakayaimba arusini, wakayajibu. Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, alizibeba nyimbo za Siti mpaka karne ya 21, akizisokota upya kila alipopanda jukwaani. Koo lake halikulegea.

Hata hivyo kuna kitu kilichopungua, nacho mpenzi wa ushairi anakijua. Upande mmoja wa sahani ya inchi 10 ulikuwa na nafasi ya takriban dakika tatu. Wimbo wa baraza hauna saa. Beti hurudiwa kwa kadiri ya hamu ya wasikilizaji. Mwimbaji hulikazia neno akiona fulani amejiinamia, huliruka jingine akiona mgeni ameingia. Mbele ya kinasa sauti hakuna fulani wala mgeni. Kuna saa tu. Mtungo mrefu huna budi kuukata, au kuugawa pande mbili, msikilizaji ainuke katikati ya shairi kugeuza sahani. Haukuwa uamuzi wa mtunzi wala wa mwimbaji. Kipimo cha bidhaa kiligeuka kipimo cha sanaa, na waliokuja baadaye wakadhani wimbo huwa hivyo.

Hoja ya pili ya Sousa, ile ya mkataba, ndiyo iliyothibitika. Gramafoni haikuuzwa mara moja. Sindano yake ya chuma ilitakiwa kubadilishwa kila baada ya upande mmoja wa sahani, la sivyo ingekwangua mifereji. Mnunuzi alirudi dukani kwa sindano kama avutaye tumbaku arudivyo kwa tumbaku. Sahani nazo zilitengenezwa kwa shelaki, utomvu wa wadudu wadogo wanaoishi juu ya matawi ya miti huko India. Zilikuwa nzito, na zikianguka zilipasuka. Na sahani mama, zile zilizotolea nakala zote, hazikukaa kwa walioimba. Mwaka 1931 kampuni ya gramafoni iliungana na mshindani wake Columbia ikazaliwa EMI. Mwaka 2012 EMI nayo ikagawanywa, vipande vyake vikauzwa. Kila kampuni ilipobadilika, hazina za sauti zilihama kutoka mkono mmoja hadi mwingine kama shehena yoyote.

Kisha ukaja mfuatano ambao wazee wa leo wameushuhudia. Mwaka 1948 ikatolewa santuri ndefu ya plastiki, na mwaka uliofuata ile ndogo ya mizunguko 45. Sahani za shelaki zikaanza kuonekana za kizamani. Mwaka 1963 ikaja kaseti. Mwaka 1982 ikaja sidii. Mwaka 2001 ikaja iPod, nayo ikakoma kutengenezwa mwaka 2022. Kila mara tangazo lilikuwa moja: hiki ndicho cha mwisho. Kila mara wimbo uleule ulinunuliwa tena na mtu yuleyule. Isingekuwa haki kukana kuwa kila hatua ilileta faida. Kaseti hasa iliwapa wanyonge uwezo wa kurekodi wenyewe. Lakini swali la mwenye shaka halikuwa kama chombo kipya ni kizuri. Aliuliza ni nani anayeamua kuwa cha zamani kimekufa.

Swali hilo lilipata jibu lake bayana mwaka 2008. Kampuni ya Microsoft ilikuwa imeuza nyimbo zilizofungwa kwa leseni chini ya mpango uitwao PlaysForSure, jina lenye ahadi kuwa zitapigika kwa hakika. Mwaka 2006 ilitoa chombo chake chenyewe, Zune, ambacho hakikuweza kuzipiga nyimbo hizo. Mwezi wa Aprili 2008 ikatangaza kuwa itazima mitambo ya kutoa leseni. Baada ya hapo aliyebadilisha kompyuta asingeweza kuhamisha nyimbo alizokwisha kuzilipia. Wateja walipolalamika, muda ukasogezwa hadi mwisho wa 2011. Mwaka 2009 wasomaji wa Kindle nchini Marekani walikuta riwaya ya George Orwell iitwayo 1984, waliyoinunua, imefutwa katika vyombo vyao. Amazon iligundua kuwa aliyeiuza hakuwa na haki nayo, ikairudisha fedha na kukiondoa kitabu. Mkuu wa kampuni aliomba radhi. Muuzaji wa vitabu wa zamani hakuwa na ufunguo wa kabati la mteja wake.

Hapa kejeli ya mbwa na baragumu inatimia. Sahani ya shelaki ya mwaka 1928, ikiwa haijapasuka, ingali ikipigika. Yatosha mkono wa kuizungusha na sindano ya kuigusa. Haiombi ruhusa kwa mtu. Kampuni iliyoitengeneza imekwisha kuungana, kugawanyika na kuuzwa, na sauti bado imo mferejini. Wimbo ulionunuliwa mwaka 2005 chini ya kufuli la leseni haukuwa na hakika ya kuishi miaka saba. Katika kipindi hicho chombo kimekuwa chepesi, kizuri, chenye kubeba maelfu ya nyimbo. Na mnunuzi, bila ya kuambiwa kwa sauti, amegeuzwa mpangaji.

Wenye shaka, basi, walikosea walipodhani mashine itaua uimbaji. Walipatia walipotazama karatasi ya mkataba. Fundisho hili lina uzito wake visiwani, maana sehemu kubwa ya urithi wa Pwani ni wa sauti kabla ya kuwa wa maandishi. Leo tungo huimbwa mbele ya simu, zikapelekwa katika hifadhi za kampuni zilizo ng'ambo, kwa masharti marefu ambayo msanii huyakubali kwa kugusa kioo. Bombay ya mwaka 1928 imeingia mfukoni. Waliofanya safari ile walijua angalau kuwa wamevuka bahari.

Inasimuliwa kuwa Siti, kabla ya kuwa Siti, alikuwa akitembeza vyungu alivyofinyanga mamaye, akivinadi kwa sauti iliyowafanya watu wamtambue kutoka mbali. Shaaban Robert alipoandika Wasifu wa Siti Binti Saad aliona kuwa maisha yale yanastahili kitabu. Katika biashara ile ya vyungu bei ilijulikana, mwenye mali alikuwa ndiye anadiye, na chungu kikishalipiwa kilikuwa cha mnunuzi mpaka kivunjike.